Mwaka Papa Alipohesabu Ndege kwa Mkono

Watu wa karte yetu, yaani mtaa wetu, wametuzoea. Mvua za mwezi wa kumi zikianza tu, wakituona mimi na papa, baba yangu, tunapanda mlima, yeye na jumeli shingoni, ile darubini ya macho mawili, mimi na viti viwili vya plastiki kichwani, wanaambiana, "Bale banaenda kuhesabu kuku ya Mungu." Jibu langu linategemea nimeamkaje. Nikiamka vizuri ninacheka nao. Nikiamka vibaya ninawauliza wao tangu asubuhi wamehesabu nini zaidi ya watu wanaopita, na hapo papa ananivuta mkono kabla mdomo wangu haujatuletea kesi.

Tunachohesabu ni ndege wanaokula nyama: mwewe, tai, na wengine ambao papa anawaita kwa Kifaransa, buse na bondre, kwa sababu hajawahi kukutana na mtu aliyewapa jina la Kiswahili. Kwao ni mbali, Ulaya na Urusi. Majani yakianza kuanguka kule na baridi ikiingia, wanakimbia. Wanashuka Afrika wakifuata milima ya magharibi ya ziwa letu, wanapita juu ya Bukavu, kisha wanashika njia ya mto Ruzizi hadi kwenye bonde, juu ya mashamba ya Luvungi, na huko hatuwaoni tena. Maji mapana hawayapendi, maana hayatoi ile hewa ya moto inayowainua bila wao kupiga bawa. Kwa hiyo mlima wetu huu, wenye nyumba hadi tumboni na mashamba kichwani, ni mlango wao. "Mulango kubwa hivi," papa huwaambia wageni, "na hauna hata mulinzi."

Papa alifundisha biolojia sekondari maisha yake yote. Mimi pia ninaifundisha, kundi la mchana, kwa hiyo asubuhi zangu ziko huru, na ni asubuhi ndipo ndege hupita kwa wingi. Kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake, sasa mwalimu wa chuo kikuu, ndiye anayepokea hesabu yetu na kuipeleka kwa wenzake wanaohesabu kwenye milima ya mbali. Jumeli ni yake, na sheria ni yake: kila kituo watu wawili, mmoja anaangalia na haondoi macho juu, wa pili anashika hesabu. Miaka yote papa alikuwa macho, mimi nilikuwa kalamu. Papa aliongeza sheria moja ya kwetu: kabla hatujapanda, kwenda kwa mkuu wa karte na kumweleza, kwa sababu katika mji huu mtu anayeangalia mbali na kuandika huulizwa maswali.

Maman, mama yangu, hakuafiki hata mwaka mmoja. Anafuga kuku nyuma ya nyumba, na mwewe wa hapa hapa, wasiosafiri kwenda popote, wanamchukulia vifaranga. "Mwizi ananiibia," husema, "na bwana yangu anapanda mulima kumuandika kama mugeni wa serikali." Papa amejaribu kumweleza tofauti ya mwewe mwenyeji na mwewe mpita njia. Maman anamjibu kwamba kifaranga hamwulizi mwizi pasipoti yake.

Kisha macho ya papa yakaanza kufa. Ni presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula mwanga kutoka pembeni kidogo kidogo kama panya anavyokula gunia. Alituficha. Alikuwa anagonga vikombe na kumlaumu aliyeviweka. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua: siku moja, tukitoka misani, aliisalimu nguzo ya mlango wa kanisa, "Bonjour, mama," na watu wakacheka wakidhani anatania. Mimi niliona uso wake. Daktari alisema dawa zitalinda kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa mwanga na kivuli. Kilichokwenda hakirudi.

Baada ya hapo papa alinyamaza. Mtu aliyekuwa anabishana hata na redio, sasa anaiacha iseme uongo mpaka betri inaisha. Anakaa sebuleni, uso upande wa ukuta, dirisha liko nyuma yake. Mimi huzuni yangu hutoka ikiwa imevaa nguo za hasira, ndivyo nilivyoumbwa, kwa hiyo nyumba ile ilijaa kelele za sufuria nilizokuwa ninaziweka chini kwa nguvu.

Mwezi wa tisa ulipokuwa unaisha, kijana wa chuo kikuu akapiga simu. Alikuwa na adabu zake zote. "Mwalimu, mwaka huu mupumuzike. Nitatuma banafunzi babili kwa nafasi yenu." Papa akasema merci, akataka kuiweka simu mezani, akaikosa meza. Simu ikaanguka na yeye hakuinama kuitafuta. Niliiokota, nikatoka nje, nikampigia yule kijana nikamwambia maneno ambayo mwalimu wa shule ya watawa hapaswi kuyajua. Akaomba radhi. Akasema basi tujaribu juma moja, kisha tumwambie.

Niliporudi ndani papa alikuwa amesikia yote, karte nzima ilikuwa imesikia. "Nitapanda posho moja tu," akasema, maana kwetu juma huitwa posho, na Jumamosi ni siku ya posho. "Siku ya posho, tukishuka, kama nilikuwa muzigo, utamurudishia jumeli yake. Na ndege musiniongelee tena mu hii nyumba."

Papa akisema neno kwa sauti ile ndogo, halirudi. Na nilijua kwamba akiacha ndege atakuwa ameacha karibu kila kitu, atabaki na ule ukuta. Niliogopa sana. Maman naye aliogopa, ila kwa upande wake: njia ni ya udongo mwekundu, mvua ikinyesha inakuwa sabuni. "Akianguka, ni mimi njo nitamuogesha na kumulisha," aliniambia pembeni, "si ndege."

Siku ya kwanza, Jumatatu, tulipanda polepole, mkono wake begani mwangu. Kule juu, chini kidogo ya kituo chetu, mama mmoja alikuwa anapanda maharage na mahindi katika shamba lake, na watoto wake nyuma yake wamejipanga mstari, wakubwa kwa wadogo, wanafukia mbegu kwa miguu. Tulimsalimu, tukakaa. Nikachukua jumeli, nikampa papa kalamu.

Ilikuwa aibu. Aliandika mstari juu ya mstari, na nilipochungulia karatasi niliona kama uzi uliochezewa na paka. "Iko muzuri?" akauliza. Nikasema iko muzuri. Akafunika kalamu na kifuniko chake, taratibu, akanirudishia. Nikajaribu kufanya kazi zote mbili mwenyewe: nikiandika, ndege wanapita, nikiangalia juu, kalamu inasimama. Sheria ya watu wawili haikutungwa na mjinga. Basi nikajipa akili. Nitataja hesabu kwa sauti, papa aishike kichwani, kwa sababu kichwa chake hakina ugonjwa wowote.

Kundi la ndege likatokea likiwa chini, karibu usawa wa macho yetu, nyuma ya shamba la yule mama. Nikasimama, nikanyoosha kidole, nikaanza kwa sauti yangu ya darasani, ile inayofika benchi la mwisho: "Moja, mbili, tatu, ine, tano..."

Yule mama akanyooka mgongo. Akaangalia kidole changu, akaangalia watoto wake, akaja na jembe.

Kwetu mtoto wa mtu hahesabiwi. Hata mzazi ukimuuliza ana watoto wangapi, atakujibu kwamba Mungu amemsaidia, au atakutajia majina. Kuwahesabu ni kuwaonyesha kwa kitu kibaya ambacho kinatafuta wa kupunguza. Ninayajua hayo tangu utoto, na bado nilisimama juu ya mlima, kidole mbele, ninawahesabu watoto wa watu kwa sauti kama mbuzi wa mnada.

"Unahesabu batoto bangu ju ya nini?" akaniuliza. "Nani alikutuma? Uko wa chanjo? Uko wa uchaguzi?"

Nikamwambia ninahesabu ndege. Akaangalia juu. Ndege walikuwa wamekwisha kuvuka mgongo wa mlima, mbingu ilikuwa nyeupe tupu. "Ndege gani?" akasema, na jembe likapanda kidogo. Damu yangu nayo ikapanda, nikafungua mdomo, lakini papa alikuwa tayari amesimama. Alikuwa amegeuka upande usio sawa kabisa, anamtazama mgomba badala ya mwenye shamba, akatoa kofia na kusalimia kwa Mashi, lugha ya kwetu, "Asinge, mama." Kisha akasema, "Huyu ni binti yangu. Ni mwalimu, njo maana anapiga makelele. Anahesabu ndege ya kweli, lakini kosa ni letu. Kitu ya uzima haiitwe namba ivi."

Mama akamwangalia vizuri, akaona macho. Jembe likashuka. Akamshika mkono, akamgeuza taratibu mpaka uso wake ukawa mbele yake, wakasalimiana upya.

Na hapo papa akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatafuta kiti kwa mkono. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu kiangazi. "Mama yangu angekuwa hapa angetupiga sisi wote na iyo jembe," akasema. Akatusimulia jinsi mama yake alivyokuwa anasimama kwenye mlango wa zizi jioni, na kwa kila ng'ombe aliyeingia aliweka kijiwe katika kikapu. Vijiwe vikiisha pamoja na ng'ombe, alikwenda kulala. Namba hakuitaja hata siku moja, na ng'ombe hawakupotea.

"Sasa mufanye vile," yule mama akasema. "Mwache kupigia bitu bya Mungu kelele." Kwa kuwa mawe yote yalikuwa chini ya tope, akatuchotea konzi mbili za mbegu zake, maharage yaliyochanganyika na mahindi, akarudi kwa watoto wake.

Kesho yake tulipanda na bakuli mbili za maman, tulizochukua bila kumwomba. Mkono wa kushoto wa papa ulikaa juu ya goti lake. Mimi, macho kwenye jumeli, kwa kila ndege nilimpiga kidole kimoja juu ya ule mkono, na mkono wake wa kulia ukahamisha haragwe kutoka bakuli moja hadi nyingine. Ndege wakija wengi, ninahesabu kumi rohoni na kuubana mkono, naye anahamisha punje ya mahindi. Saa ikiisha tunahesabu mbegu na kuandika. Maharage hayana mama wa kukasirika.

Kumbe ilikuwa kazi bora kuliko ile ya zamani. Macho yangu hayakushuka hata kidogo. Na papa, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na kazi, ulirudi kuwa mdomo.

"Mukia?" anauliza.

"Murefu."

"Kichwa?"

"Kidogo. Kimetoka mbele kama ya njiwa."

"Bondre. Na ile ya nyuma yake?"

"Mupana, mufupi, imenona."

"Iyo buse. Usiseme imenona, imevaa ya baridi."

Lakini ndege wenyewe walikuwa wachache. Kisha ukungu ukaja, ukakaa. Siku tatu nzima tulikaa ndani yake kama watu waliofungiwa katika nguo iliyoloa, hatuoni hata shamba la chini, mvua inapiga mwavuli, na bakuli moja imejaa, nyingine haina kitu. Papa akaanza tena kunyamaza. Ijumaa, tukishuka, aliteleza, akakaa kwenye tope hadi kiunoni. Maman alimpokea mlangoni, akaenda kuchemsha maji. Wakati anamsafisha miguu nilimsikia papa akimwambia, "Kesho njo mwisho. Ulikuwa na haki." Niliingia chumbani, nikaupiga mto ngumi. Ndiyo, mto. Nilikuwa nimemkasirikia Mungu, ukungu, na Ulaya yote kwa kuchelewesha ndege wake.

Siku ya posho tuliamka mbingu imesafishwa. Kila kitu kilikuwa wazi: ziwa na rasi zake, milima ya Rwanda ng'ambo, na chini yetu mabati ya mtaa wa Cimpunda yaliyobanana hadi huoni njia katikati, yote yamelowa, yote yanapigwa na jua. Mvuke ulikuwa unapanda kutoka juu yake. Papa aliusikia usoni kabla sijamwambia.

"Ndege ilifungiwa siku tatu nyuma ya mawingu," akasema. "Kama iko, ni leo." Mkono wa kushoto ukakaa gotini.

Wa kwanza alikuja peke yake, juu sana. Nikapiga. Kisha wawili. Kisha nikaona, upande wa kaskazini, kitu kama moshi usiotawanyika, na moshi ule ulikuwa na mabawa. Walifika juu ya Cimpunda, wakaikuta ile hewa ya moto ya mabati, wakaanza kuzunguka na kupanda bila kupiga bawa, mmoja juu ya mwingine, mpaka wa juu wakawa vumbi. Kisha wakajiachia, wakateleza kuelekea Ruzizi, na nyuma yao wengine wakaingia mahali pale pale. Nilipiga, nikabana, nikabana, nikabana. Mahindi yalikuwa yanalia katika bakuli.

"Nini inawapandisha?" papa akauliza.

"Mabati, papa. Mabati ya Cimpunda."

"Batu banalalamika iyo mabati inabachoma," akasema. "Kumbe inabeba tai."

Tai nao walikuwemo, weusi, wazito, vidole vya mabawa vimetanuka. Nilimweleza kila mmoja. Yule mama wa shamba alipanda na watoto wake, wakasimama nyuma yetu, na hakuna aliyetaja namba. Nilisikia tu mtoto mmoja anavuta pumzi. Papa alikuwa ameinua uso, na machozi yanashuka hadi kwenye kola, na mkono wake wa kulia haukukosa hata punje moja. Mahindi yalikwisha, tukamwaga bakuli, tukaandika, tukaanza upya.

Mchana mawingu yakaanza kurudi kutoka upande wa msitu. Mto ule wa ndege ukawa kijito, kijito kikawa matone, kisha ikawa basi. Yule mama akatuaga, akashuka na watoto wake. Niliitafuta mbingu yote na jumeli, kona kwa kona. Haikuwa na kitu.

Nikashusha macho. Papa alikuwa bado ameinua uso, mdomo wazi kidogo, na mkono wake wa kushoto uko pale juu ya goti, unangoja. Nikafikiri, tukishuka sasa ndiyo mwisho, amekwisha kusema. Sikuweza kuuacha mkono ule ungoje bure. Nikapiga.

Vidole vyake vilichukua haragwe, vikalipeleka hadi juu ya bakuli, vikasimama.

"Iyo umeitoa wapi?"

Niliinua jumeli haraka, nikaitafuta mbingu tena.

"Leo yote, mbele ya kunipiga, pumuzi yako inakatika kidogo. Kila ndege. Iyo haikukatika." Akalirudisha haragwe katika bakuli lilikotoka. Hakuwa amekasirika. Alisema kama alivyokuwa anawaambia wanafunzi, wazi na bila haraka: "Binti yangu, macho njo yamekufa, si mimi. Usinipe ndege ya kunituliza. Kama hakuna, sema hakuna."

"Hakuna, papa."

"Andika hakuna. Saa yenye hakuna kitu nayo ni hesabu."

Niliandika. Kalamu ilikuwa inaniteleza kwa sababu nilikuwa ninalia, na nilikuwa ninalia kwa aibu na kwa raha, sijui kipi kilizidi. Kisha nikaanza kukusanya vitu, taratibu, ninachelewesha kwa makusudi, kwa kuwa sikutaka kuwa wa kwanza kutaja jumeli.

"Kesho siku ya Mungu," nikasema, ili tu nisikae kimya.

"Ninajua," papa akajibu. Alikuwa amekwisha kusimama, analitafuta bega langu. "Twende misa ya kwanza. Na umuambie padri asihubiri sana. Jua ikipata mabati, tunapaswa kuwa tumeisha fika huku juu."